Nilivyokuandika kwenye faili la baba yako

Kambi ya Dzaleka, alasiri, siku moja kabla ya safari

Riziki mwanangu,

Umetoka asubuhi na minibasi ya kwanza kwenda Chilinde kumuaga Yamikani, ukasema utarudi kabla giza halijaingia. Sikukuuliza kama kweli unakwenda kuaga. Begi lako liko hapa mlangoni, limefungwa, na kila nikipita naligusa kwa mguu, kana kwamba begi ndilo litakaloamua.

Mambo ya sweta, ya karatasi za chanjo, ya kutofungua bahasha mpaka mfike, sitayaandika. Mmekwisha kuelezwa, tena kwa picha. Nataka kukuandikia habari moja ambayo hakuna anayeijua ila mimi, na baba yako nusu yake. Tangu Ijumaa najaribu kuisema kwa mdomo, na kila nikifungua mdomo linatoka neno la chumvi au la sabuni.

Ijumaa ulikuwa umeinama pale nje unaosha viatu. Ukaniuliza bila kuinua uso, "Mama, nikienda ofisini nikasema najitoa kwenye kesi ya papa, siendi naye Kanada, unaonaje?"

Nikakuuliza kwa nini.

"Unajua kwa nini," ukasema, ukacheka, ukaziba mdomo kwa mkono wenye povu.

Mimi nikakujibu, "Moyo wako ndio unajua." Halafu nikaingia ndani, nikakaa kitandani, na nilifurahi, Riziki. Sikumfurahia Yamikani wala mapenzi yenu. Nilimwona Godeliva, mke wa baba yako, anapanda basi kesho asubuhi na kiti cha pembeni yake kiko kitupu. Nikasema moyoni, safari hii amekosa. Nimekaa na furaha hiyo siku tatu kama mtu aliyemeza kitu kigumu, na leo nimeona kwamba nisipoitoa, utaamua maisha yako kwa jibu la mwanamke mwenye wivu ukidhani ni jibu la mama.

Nianze na nilivyompenda Dezire, maana hujawahi kunisikia nikisema hivyo.

Nilikuwa na miaka kumi na minane, mwaka wa mwisho wa sekondari hapa hapa kambini, msichana wa vitabu. Yeye alikuwa na cherehani barazani kwa duka moja karibu na soko. Mrundi, mwimbaji wa kwaya, na sisi watu wa Kindu, babu yako anauza mawese na samaki wa kukausha na hakosi swala hata moja. Nilimpelekea sketi yangu ya shule aipunguze. Kesho yake nikairudisha aiongeze. Keshokutwa nikaenda nayo tena.

"We dada," akaniambia, pini zikiwa mdomoni, "hii jipe iko na homa? Juzi ulisema iko murefu. Jana, iko mufupi. Leo nitakata nini, miguu?"

Nilirudi nyumbani nikilirudia neno hilo la miguu kama aya. Kisima cha karibu nikakiacha, nikawa nateka maji kwenye cha mbali ili nipite mbele ya cherehani. Siku moja nilipita mara tano na ndoo ile ile. Bibi yako akaniangalia nikiitua. "Maji ya kule njo iko na sukari?" Jioni akaniambia kitu kingine, taratibu, akiwa anachambua mboga: "Hii moto yako itapita, Salima. Iko inapita kwa bantu bote. Angalia kama huyu mutu unaweza kuikala naye siku imeshapita." Nilimwonea huruma. Nilidhani anasema hivyo kwa kuwa hakuwahi kupenda.

Nikaenda kwa Dezire. Babu yako hakusema nami mwaka mzima, mpaka ulipozaliwa. Na mimi sikujali, hilo ndilo nataka ulijue. Moto ule unakufanya usijali. Nilikuwa nikisikia hatua zake kwenye changarawe, tumbo linanishuka kama mtu aliyekosea ngazi. Nilikuwa nalala nimeshika shati lake lililojaa nyuzi. Kama mtu angeniambia kwamba hali hiyo ina mwisho, ningemwona mwenda wazimu, maana ilijaa kila mahali.

Ilidumu miaka miwili na kitu. Siku ilipokwisha siijui. Ninachokumbuka ni alasiri moja, wewe ukiwa unatambaa, nilisikia hatua zake nje na nikaendelea kuchambua mchele. Nilitoa jiwe, nikatoa lingine, akaingia, akasema amechoka, nikasema maji yako pale. Baadaye usiku ndipo nikagundua kwamba tumbo halikushuka. Nilingoja lishuke kesho yake. Halikushuka. Hakuwa amefanya kosa lolote, na mimi vivyo hivyo. Nililia kwa kujificha kama aliyefiwa na mtu ambaye watu hawamjui.

Laiti ningemwendea bibi yako siku hiyo nikamwambia: imepita, sasa nifanye nini? Sikuenda. Niliona aibu. Nilijiambia kwamba mapenzi ya kweli hayapiti, kwa hiyo ama yale hayakuwa ya kweli, ama kuna mtu ameyachukua.

Nikaanza kumtafuta huyo mtu.

Mama Shukuru, jirani yetu wa wakati ule, ndiye aliyeniletea jina. Alikuja kuomba moto, akakaa. "Salima, bwana yako nilimuona Lumbadzi. Iko na Godeliva, ule wa kuuza vitenge. Kila mutu iko juu ya baiskeli yake ya kabaza, lakini banacheka kama bako juu ya kabaza moja."

Hapo tumbo likashuka, Riziki. Lile lile. Moyo ukapiga kama zamani, usingizi ukakata, chakula kikawa majani makavu. Nikarudi kupita mbele ya cherehani mara tano kwa siku, safari hii nikimchunguza. Na nilidhani, nakuapia, nilidhani nimempenda upya. Wivu una mapigo yale yale. Mtu aliyezoea moto akipoa, atauchukua wivu kwa mikono miwili, kwa sababu angalau unachoma.

Fundi wa nguo ana daftari la vipimo. Nilikuwa nalifungua akienda kuoga. Majina ya wanawake, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono. Godeliva alikuwa ukurasa wa tisa. Kiuno chake nakijua mpaka leo, na nakijua kuliko namba yangu ya simu. Nilijipima mwenyewe kwa utepe wa Dezire, nikapata sentimita nne zaidi, nikakaa chini na utepe shingoni.

Nikamwambia aache kushona nguo za wanawake. Akasema, "Wanawake njo bateja bangu, Salima." Nikasema, chagua. Na alichagua. Miezi mitatu alishona suruali za wanaume na sare za shule peke yake. Ningekuwa na akili, ningeona pale kwamba mtu anayekubali jambo la kijinga namna hiyo kwa ajili yako anakuonyesha kitu, hata kama tumbo halishuki. Mimi niliona kwamba ameacha kwa haraka mno, kwa hiyo alikuwa na la kuficha.

Wakati huo nilikuwa nimepata kazi ya ukalimani kwenye ofisi ya kesi, wanakoandika wakimbizi wa kuhamishiwa nje. Unajua watu walivyoniheshimu. Nilikaa kati ya ofisa na mtu, nikachukua vita na vifo vya watu kwa Kiswahili nikavitoa kwa Kiingereza. Ukifanya kazi hiyo unajifunza kwamba faili lina masikio yake. Mtu anaweza kulia saa nzima na faili lisisikie, kisha akasema maneno mawili na likasogea. Kwa mke na mume, maneno hayo ni "tumetengana". Niliyatafsiri mara nyingi, na kila mara nililiona faili moja likizaa la pili.

Siku moja, baada ya kuwatafsiria mke na mume waliokuwa wanagombana mbele ya ofisa, nilibaki kwenye kiti. Ofisa akauliza kama kuna mwingine. Nikasema, mimi. Nikasema nimetengana na mume wangu, mwaka sasa. Ilikuwa uongo. Asubuhi hiyo nilikuwa nimempikia chai. Nilijua faili linapenda kusikia nini, na hasira yangu ilikuwa ya moto, nilitaka iandikwe ikiwa bado ya moto.

Ofisa hakuandika. Alisema nikafikiri, nirudi baada ya wiki mbili pamoja na Dezire.

Siku ya tano hasira ilikuwa imekwisha. Kama yale mapenzi, iliondoka bila kuaga. Lakini nilikuwa nimekwisha kumwambia Mama Shukuru, na Mama Shukuru alikuwa ameiambia foleni nzima ya maji. Nilikwenda kwa sababu ya aibu. Mkalimani alikuwa mwenzangu, hakuniangalia machoni. Ofisa akamuuliza Dezire kama anakubali. Mimi nilikuwa nangoja akatae. Nilingoja apige meza, aseme huyu ni mke wangu, tunakwenda nyumbani. Naye, nadhani, alikuwa ananingoja mimi nicheke. Mwisho akasema, "Kama njo anataka, andika."

Halafu wakauliza habari ya mtoto. Hapa ndipo penyewe.

Wewe siku zote umeamini kwamba baba yako alinitoa kwenye kesi na akakuchukua wewe. Ulikuwa na miaka sita. Mimi ndiye niliyesema mtoto aandikwe kwa baba. Ofisa alishangaa, akarudia swali. Nikajibu kwamba baba yake anampenda sana, na hilo angalau lilikuwa kweli, lakini sikulisema kwa ajili hiyo. Nilijua atakayeolewa na Dezire ataingizwa kwenye faili lake. Nilitaka siku Godeliva atakapoingia, akute mtu. Akute mtoto wangu, uso wangu, amekaa pale kabla yake. Nilikuweka kama watu wanavyoacha kiatu kwenye foleni ili wengine wajue mahali pana mwenyewe.

Mwaka wa pili Godeliva aliingia kweli. Kila familia zilipohesabiwa ofisini, baba yako alikuja kukuchukua, ukavaa gauni safi, ukasimama kati yao kwa picha, kisha ukarudi kwangu kula na kulala. Uliniuliza kwa nini mimi siko kwenye picha. Nikakujibu, "Muulize baba yako." Nimekujibu hivyo miaka mingi. Hakuwahi kujitetea, na wewe ulikua ukimchukia kidogo kidogo kwa jambo nililolifanya mimi. Nilikuona ukimchukia na sikukuzuia. Ilinipa raha, kama mtu anayekuna kidonda.

Faili lao limeitwa. Langu, la mtu mmoja, bado limelala. Kesho mlinzi wangu, ndiye wewe, anaondoka na wale niliomweka awalinde.

Baba yako alipokuja kunipa tarehe ya safari, ulikuwa sokoni. Alikaa kwenye kigoda, ana mvi sasa pembeni ya masikio. Nilishindwa kujizuia.

"Dezire, siku ile ya Lumbadzi, ulikuwa naye kweli?"

"Lumbadzi gani?"

"Ya kabaza. Mlikuwa mnacheka."

Alifikiri kweli, nilimwona akitafuta. "Hata mi nimesahau, Salima. Nilikuwaga naenda Lumbadzi siku moja kila semene, kuchukua uzi." Halafu akaniangalia. "Njo kwa ile uliniacha?"

Kuna kitu kilichokula ujana wangu, na mtu aliyekuwa ndani yake hakikumbuki. Hata kama alinisaliti, amesahau. Hata kama alinipenda siku ile kuliko siku zote, amesahau vilevile. Nilitamani anidanganye.

Nikuambie na la mwisho, baya kuliko yote. Wiki iliyopita nilikwenda kwao kupeleka cheti chako cha chanjo. Walikuwa mlangoni wanamenya maharage, beseni moja katikati. Godeliva alinyoosha mkono bila kutazama, na baba yako akampa kisu, bila kutazama. Nilisimama nyuma ya ua wa nyasi muda mrefu kuliko inavyostahili. Niliwahi kumwonea wivu mwanamke yule kwa kiuno, kwa kicheko, kwa kabaza. Ule wa siku hiyo ulinichoma kuliko yote. Niliwaonea wivu wa kuchoka pamoja. Moto wao nao umepita, inaonekana wazi, na wamebaki wamekaa. Bibi yako alinieleza habari ya mahali hapo na mimi sikuwahi kufika. Ndiyo maana sitakuambia kuna nini baada ya moto. Sijui. Niliondoka kabla.

Sasa Yamikani. Alipokuja hapa na zawadi ya sukari, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, nilimpenda na nilikasirika. Ukiongea naye kwenye simu unaongea Chichewa, lugha ambayo mimi nanunulia nyanya tu na kusema zikomo, yaani asante, nawe unacheka ndani yake kama chumba chenye mlango uliofungwa. Nimekuonea wivu, mwanangu mwenyewe. Niliona tumbo lako likishuka simu inapolia. Nilitaka kukunyang'anya simu, na wakati huo huo nilitaka unieleze, pole pole, kila kitu, kinavyokuwa, kwa sababu nimesahau.

Kwa hiyo usidhani nakuambia kwamba anakudanganya. Hakudanganyi. Hayo mnayosikia ni kweli kabisa, leo. Usiandikishe tu. Moto unasema kwa siku yake, na faili linakaa miaka. Nilipeleka ofisini hasira iliyodumu siku tano, na mpaka leo ninaishi kwenye karatasi yake. Ukijitoa kwenye kesi kesho Jumanne kwa sababu huwezi kupumua bila mtu, itakuja alasiri utaweza kupumua vizuri tu, unachambua mchele, na jina lako halitarudi pale lilipofutwa. Utamwangalia Yamikani wa watu, hana kosa, na utaanza kutafuta nani amekuchukulia moto wako. Najua utakavyomtafuta, maana una macho yangu. Kama baada ya moto mna kitu, kitavuka bahari kwa simu, kitachakaa kidogo, kitafika. Kama hakuna, utalia huko, na kilio chake nacho kitapita. Hili la mwisho linaniumiza kuliko linavyonifariji, lakini ni kweli.

Uliniuliza Ijumaa unaonaje. Naona hivi: panda basi.

Naandika neno hilo na mkono unakataa. Ukikaa, nitakuwa na wewe, na Godeliva atakuwa hana. Sioni aibu tena kukuambia kwamba nimelipima jambo hili hivyo, kwa sentimita. Panda. Nakutoa mahali nilipokuweka. Huko uendako usinilindie mtu. Baba yako mpe alichonyimwa, muulize mwenyewe habari za zamani, na akinyamaza ujue ananistahi.

Sitajifanya kwamba nimepona. Atakupikia mwanamke mwingine, atajua kabla yangu ukiumwa, ataona wa kwanza nguo utakayovaa siku ya kwanza ya shule kule Kanada. Nitaona wivu kila siku nitakayoamka, na nimeufahamu vya kutosha kujua kwamba mapigo yake si mapenzi. Mapenzi ni haya mengine, ya kukufungia begi.

Kesho pale kwenye basi kutakuwa na kelele, watu wanalia, majina yanaitwa. Godeliva atakuita. Ana mazoea ya kukuita mwanangu, nami nikiwepo, wewe hugeuka kwanza kuniangalia. Nimeliona hilo tangu u mdogo, na nimelipenda kuliko nilivyostahili.

Kesho akikuita mwanangu, itika. Usiniangalie kwanza.

Mama yako,
Salima